Reli ya kwanza ya chini ya ardhi London: mmemsahau Pearson, na waliohamishwa pia

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu reli ya chini ya ardhi ya London nimeisoma yote, tena mara mbili, na ni nzuri, ila naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua kwa sababu kuna mtu mmoja hamkumtaja hata kwa jina na kuna watu maelfu mmewaruka kabisa. Mmeeleza injini, mmeeleza mahandaki, mmemsifu mhandisi John Fowler, sawa, anastahili, lakini msomaji akimaliza anabaki anaamini ile reli ilizuka tu kwa kuwa mafundi wa enzi zile walikuwa hodari wa mvuke. Sio kweli. Ile njia ya Metropolitan, kutoka Paddington mpaka Farringdon, iliyofunguliwa Januari 1863 na kuwa ya kwanza duniani, ilianza na mwanasheria mmoja aliyekuwa anaumia akiona maskini wa mji wake wanavyoishi, halafu ilipojengwa ikawatoa maskini hao hao kwenye vyumba vyao. Kwa maoni yangu hayo mawili ndo kiini cha historia ya njia hiyo, ukiyatoa unabaki na habari ya vyuma na moshi.

Huyo mwanasheria anaitwa Charles Pearson. Alizaliwa 1793, baba yake alikuwa fundi wa makochi, na kuanzia 1839 mpaka anakufa alikuwa mwanasheria wa halmashauri ya City, ile sehemu kongwe ya katikati ya London yenye mabenki na maofisi. Hakuwa mhandisi, hakuwa tajiri wa reli. Alikuwa mtu wa kung'ang'ania jambo mpaka liishe. Kabla hata ya mambo ya treni alishapigana vita vingine, mfano pale kwenye mnara wa kumbukumbu ya moto mkubwa wa 1666 kulikuwa na maandishi yanayowasingizia Wakatoliki kwamba wao ndo walichoma mji, Pearson akakomaa nayo mpaka yakafutwa mwaka 1830. Alipigania pia Wayahudi waruhusiwe kufanya kazi ya udalali City, maana walikuwa wanazuiwa. Nataja haya ili wasomaji waelewe alikuwa mtu wa namna gani, sio ili kurefusha barua.

Sasa tazama London ya wakati wake. Kwenye sensa ya 1851 mji ulishapita watu milioni 2, na treni zilikuwepo tayari, ila karibu zote zilikuwa zinaishia pembeni. Tume ya serikali ya 1846 ndo iliyosimamisha reli kubwa zisiingie katikati, waliogopa mji utakatwakatwa na madaraja na nyumba zitavunjwa ovyo, kwa hiyo ukija kutoka magharibi unashushwa Paddington, ukitoka kaskazini unashushwa Euston au King's Cross, kuanzia hapo ni shauri lako. Kuna mabasi ya farasi lakini nauli yake sio ya kibarua, kuna magari ya kukodi ya farasi ndo kabisa usiulize, na barabara zenyewe zimejaa mikokoteni, ng'ombe wanaoswagwa kwenda sokoni, mavi ya farasi kila mahali, foleni haisogei. Pearson alifanya kitu ambacho wengi hawakuwa wamekifikiria, alipanga watu wakahesabu wanaoingia City, halafu akapeleka hesabu hizo kwenye kamati ya Bunge mwaka 1854. Hesabu ilionyesha watu kama 200,000 wanaingia City kila siku kwa miguu yao. Kila siku! Waliokuwa wanaingia kwa basi la farasi hawakufika hata robo ya hao.

Na hapa ndo penye hoja yake yote, hoja ambayo makala yenu imeikosa. Pearson aliona kwamba kibarua amefungwa pale alipo. Muda wa kutembea kutoka mbali hana kwa sababu kazi inaanza alfajiri, na hela ya kupanda gari hana, kwa hiyo lazima akae karibu na kazi, na karibu na kazi ni wapi? Ni vile vichochoro vya bonde la mto Fleet, Clerkenwell na kandokando yake, familia nzima chumba kimoja, maji machafu yanapita chini ya dirisha, kipindupindu kikija kinaanzia huko. Wenye nyumba wanajua hawa watu hawana pa kwenda basi kodi inapanda tu. Watu wenye vyeo wakawa wanasema maskini wanapenda uchafu, Pearson akawaambia hapana, hawapendi, hawana jinsi. Akasema wapeni treni ya bei ndogo asubuhi na jioni, wajengewe vijumba nje ya mji penye hewa, mtaona kama watabaki huku. Tangu 1845 alishakuwa anatangaza wazo la reli ya kupita kwenye njia iliyofunikwa ndani ya bonde hilo la Fleet, tena hakutaka hata moshi, alitaka mabehewa yasukumwe kwa nguvu ya hewa. Hilo la hewa halikuwezekana. Lakini lile la msingi, kwamba reli iingie mpaka katikati ya mji ili mfanyakazi aweze kulala mbali na kazi, alilishikilia miaka zaidi ya 15 bila kuchoka.

Bunge likapitisha sheria 1854. Hela zikakosekana. Vita vya Crimea, vya Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, vilikuwa vimeanza, mitaji imekauka, na watu wengi hawakuamini kabisa hiki kitu, walikuwa wanasema nyumba za juu zitaporomoka, abiria watakufa kwa kukosa hewa, nani ataacha mwanga wa jua akaingia shimoni kwa hiari yake. Kampuni ilikuwa inaelekea kufa kabisa kabla haijachimba hata shimo moja. Pearson akaenda kwa waajiri wake wenyewe, halmashauri ya City, akawashawishi wanunue hisa za pauni 200,000, akiwaambia foleni itapungua na lile eneo la bonde litapata thamani. Wakakubali. Bila hizo pauni sidhani kama Fowler angepata cha kuchimba.

Mwaka 1860 kazi ikaanza. Hapa niseme jambo ambalo kwenye makala yenu halikukaa sawa, mmeandika kama vile lilitobolewa handaki refu chini sana ya mji. Hapana. Sehemu kubwa walichimba mtaro mkubwa wazi katikati ya barabara, ile inayoitwa sasa Euston Road na Marylebone Road, wakajenga kuta za matofali huku na huku, juu wakapiga tao la matofali, au mihimili ya chuma pale ambapo kina kilikuwa kidogo, halafu wakarudisha udongo na barabara juu yake. Handaki la kutoboa kweli lilikuwepo moja, la Clerkenwell, la mita kama 660 hivi. Walifuata barabara kwa sababu barabara ni ya umma, hununui nyumba ya mtu. Wenye nyumba na maduka ya Euston Road walipata shida sana, miaka karibu mitatu mbele ya mlango kuna shimo, mbao, winchi za mvuke, matope, wateja hawapiti, lakini angalau nyumba zao nyingi zilibaki zimesimama.

Kule mwisho wa njia, kwenye bonde, ndo watu walipoumia. Kutoka King's Cross kushuka Farringdon hakukuwa na barabara pana ya kufuata, kulikuwa na makazi ya maskini, na makampuni ya reli ya wakati ule yalikuwa yanapenda kupita kwenye makazi ya maskini kwa sababu ardhi ni rahisi na wakaaji hawana mtetezi Bungeni. Naomba wasomaji waelewe ilivyokuwa inafanyika. Fidia analipwa mwenye nyumba. Mpangaji ni wa kulipa kwa wiki, hana mkataba wowote, anapewa notisi, wiki ikiisha anabeba godoro na watoto anatoka, na wanaobomoa wameshapanda darini. Anaenda wapi? Hawezi kwenda mbali, kazi yake iko pale pale, kwenye karakana za Clerkenwell, basi anahamia mtaa wa jirani, chumba kilichokuwa na familia moja kinakuwa na mbili, na kodi inapanda kwa sababu wanaotafuta vyumba wameongezeka. Yaani kile kile ambacho Pearson alisema kinawaua watu hawa, ujenzi wa reli yake ukakizidisha. Watu maelfu walihamishwa katika bonde lile, kwa reli na kwa ile barabara mpya ya Farringdon iliyokuwa inajengwa pamoja nayo, na hakuna aliyejenga nyumba mbadala. Sheria haikuwadai kujenga.

Simlaumu Pearson peke yake kwa hilo, maana yeye vijumba vya nje ya mji alivitaka kweli, ni vitu viwili alivyokuwa anavisema kwa pamoja siku zote, reli na makazi. Wenye hisa wakachukua kimoja wakaacha kingine. Lakini ukiandika historia ukasema tu reli ilipunguza msongamano wa magari ya farasi, hujawatendea haki waliolala kwenye ngazi za watu ili mtaro upite.

Kuna tukio la Juni 1862 mngeliweka lingewasaidia hata wasomaji wapenda ufundi. Mto Fleet wakati huo ulishafunikwa zamani na kugeuzwa mfereji wa maji taka, na reli ilibidi ipite kandokando yake na kuuvuka. Ukuta ukaanza kupasuka, wakajaribu kuuzuia, haikusaidia, maji taka yakavunja ukuta yakaingia kwenye mtaro na kuelekea King's Cross, kina kama mita 3. Ilibidi wayaelekeze maji yale upya mpaka mto Thames ndo kazi ikaendelea. Ufunguzi uliotarajiwa ukasogezwa mbele.

Na Pearson ndo hakuuona. Alifariki Septemba 1862, miezi minne tu kabla. Kampuni ilishataka kumpa zawadi ya fedha kwa kazi yake yote akakataa, akisema yeye ni mtumishi wa City, kwa hiyo baada ya kufunguliwa wakaamua kumlipa mjane wake pauni 250 kila mwaka. Tarehe 9 Januari 1863 wakubwa walisafiri na kufanya karamu Farringdon, na kesho yake Jumamosi tarehe 10 wananchi wakaruhusiwa, watu 38,000 siku hiyo moja, wanasukumana madirishani kukata tiketi mpaka treni za kutosha zikakosekana. Mwaka wa kwanza walisafiri abiria milioni 9 na nusu. Wale waliosema hakuna atakayekubali kushuka shimoni walijibiwa hivyo.

Kuhusu moshi mmeandika vizuri, sitarudia sana. Niongeze tu kwamba mabehewa yalikuwa na taa za gesi, na hiyo gesi ilibebwa juu ya paa kwenye mifuko ya mpira ndani ya masanduku ya mbao, na huku mbele kuna injini ya moto, mtu anajiuliza walikuwa wanalalaje usingizi. Injini zenyewe zilikuwa na mabomba ya kurudisha mvuke kwenye matangi ya maji baridi ili usijae handakini, lakini gesi ya makaa haina pa kurudishwa. Wakatoboa matundu ya hewa barabarani miaka ya 1870 na bado. Hadi 1897 serikali inachunguza hewa ya mle ndani ikaonekana kuna mfamasia anawauzia abiria waliozidiwa dawa aliyoipa jina la reli yenyewe. Hao walikuwa abiria wa dakika 20. Madereva na wapakia makaa walikuwa mle zamu nzima, miaka nenda rudi, na wao nao makala hazijawahi kuwakumbuka.

Sasa nauli, maana hapa ndo ndoto ya Pearson ilipopimwa. Mwanzoni tiketi ya kwenda tu ilikuwa peni 6 daraja la kwanza, 4 la pili, 3 la tatu. Peni 3 kwenda na 3 kurudi, kibarua hawezi, kwa hiyo mwaka wa kwanza treni ya Pearson ilikuwa ya makarani na wafanyabiashara, sio ya watu aliokuwa anawasemea. Ni Mei 1864 ndo kampuni ikaanzisha treni za wafanyakazi, alfajiri sana, kabla ya saa 12 asubuhi, kwenda na kurudi peni 3, yaani nusu ya nauli. Mwandishi Henry Mayhew alipanda moja ya treni hizo mwaka 1865 akaongea nao, na alichoandika ndo ushahidi mzuri kuliko hotuba zote za karamuni. Anasema walikuwa wamebeba vikapu na vikebe, wengine bakuli la chakula limefungwa kwenye kitambaa chekundu, wengine misumeno mikubwa kwapani. Mmoja akamwambia akipanda treni anaokoa mwendo wa maili 6 kwa siku, na mwanaume akifika nyumbani amechoka kwa kutembea anakuwa mgomvi kwa mke na watoto, ila akirudi kwa treni anakaa mezani na moyo mweupe. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama kidogo. Mtu hasemi habari ya uhandisi wala fahari ya taifa, anasema habari ya chakula cha jioni na watoto wake, na hicho ndo Pearson alichokuwa anakipigania tangu 1845. Kilipatikana, kwa wachache, mwaka na nusu baada ya yeye kuzikwa.

Baadaye Bunge lilikuja kuzibana kampuni zote za reli ziweke treni za wafanyakazi, sheria ya 1883, na kwa hiyo lile wazo la mwanasheria likawa haki ya kisheria. Ila njia yenyewe ya Metropolitan ikaenda upande mwingine. Ilitoka nje ya mji, ikafika Harrow 1880 na Aylesbury 1892, ikaanza kuuza viwanja na nyumba kando ya reli, na kuanzia 1915 ikawa inatangaza maisha ya mashambani kwa watu wenye kipato cha kati, nyumba zenye bustani mbele na nyuma. Vijumba vyenye hewa vilijengwa kweli, sehemu ya maskini wa Clerkenwell ikawa ndogo. Sina chuki na waliohamia huko, walikuwa nao wanatafuta hewa, lakini mkiandika sehemu ya pili mliyoahidi naomba msiifanye hiyo kuwa mwisho mtamu wa hadithi, kwa sababu ahadi ya kwanza ilikuwa kwa watu wengine.

Ombi langu basi ni kwamba kwenye hiyo sehemu ya pili mumpe Pearson angalau aya mbili, na bonde la Fleet aya moja isiyo ya haraka haraka, na hizo treni za alfajiri za 1864 mzitaje kwa jina lake, treni za wafanyakazi. Na msahihishe mambo mawili. Reli ya kwanza ya London kupita chini kabisa kwenye mahandaki ya kutoboa na kutumia umeme ni ya City na South London, ilifunguliwa 1890, sio Metropolitan. Na ile picha ya ukurasa wa pili mliyoandika chini yake 1863 inaonyesha treni isiyo na bomba la moshi mahali popote, hiyo haiwezi kuwa ya mwaka huo, njia hii ilipata umeme 1905.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.